Pedi Mpya na Salamu za Bibi Mwanahamisi

Ilala, Ijumaa jioni

Mwanangu Aika,

Sitakuuliza hali, maana uko chumba cha pili na nakusikia ukipigana na zipu ya lile begi la kijani. Nimekuambia begi limejaa, umesema halijajaa, na sasa zipu inaamua kati yetu. Nikimaliza kuandika nitaipenyeza barua hii chini ya mlango wako. Uisome leo kabla hujalala, kwa sababu mwishoni kuna jambo la kesho asubuhi.

Habari za neti, maji ya kuchemsha na kutoacha simu juu ya dashibodi nimekwisha kuzisema mezani, na umeniitikia "sawa Mama" kwa sauti ile unayomjibu mtu anayekuuzia laini ya simu. Basi hayo yamepita. Mimi nataka kuandika juu ya pedi za breki.

Najua utacheka. Mama wa watu anamwandikia mwanawe anayeondoka nyumbani, anaandika habari za pedi. Lakini wiki hii yote sikuwaza kitu kingine, na wewe unanijua, jambo likinikaa kichwani sharti nilipange kuanzia mwanzo. Ukiona naeleza ambayo unayajua, vumilia. Ndivyo ninavyoandika hata kwenye shajara yangu, kana kwamba kuna mtu mwingine atakayesoma.

Ilianza Jumatano ya wiki iliyopita, ulipokuja dukani na kusimama mbele ya kaunta kama mteja. Duka hili alilianzisha baba yako, na tangu afariki, wewe ukiwa darasa la tatu, nimekuwa nikiuza spea nyuma ya mtaa wa Msimbazi: pedi, diski, mafuta ya breki, mipira. Umekulia juu ya maboksi ya pedi. Ukaniambia, "Mama, pedi zako ni nzuri kwa mjini. Mimi nataka zile za spoti, zinazovumilia joto."

Nikasema, "Pedi ni pedi."

"Sekenke si Msimbazi, Mama."

Mteremko wa Sekenke nausikia kwa madereva wa malori miaka yote hii, wakija kununua breki na kusimulia waliyoyaona njiani. Wewe unakwenda Tabora, kwenye kazi ya maabara uliyoisubiri tangu umalize chuo, na barabara inapita pale pale. Lakini pedi za spoti mimi siuzi. Ukavuka barabara hadi kwa Awadhi, muuza spea mwenzangu, mchana kweupe, mbele ya wachukuzi na mama lishe, ukarudi na boksi jekundu.

Ami yako Awadhi hakuweza kukaa na siri hiyo hata dakika moja. Alitoka mlangoni kwake na kikoi chake, akaita kutoka ng'ambo ya barabara, "Mama Aika, mwanao kahama chama."

"Kahamia kwa nani? Kwa wewe usiyejua hata tofauti ya pedi na sabuni?"

"Usinune, jirani. Huyu mtoto anajua breki kutushinda sote. Mimi nauza na nakanyaga vibaya, wewe unauza na hujawahi kukanyaga."

Mtaa mzima ulicheka, na mimi nilicheka. Ni utani wake wa siku zote. Lakini niutaje hapa, kwa sababu nitaurudia.

Jumamosi fundi Shomari alizifunga pale gereji yake, chini ya ule ukuta wenye tangazo la rangi. Nakumbuka alivyojifuta mikono na kusema, "Haya, zunguka nalo Ilala na Kariakoo siku mbili tatu. Zitajizoesha zenyewe."

Ukasema, "Hapana, fundi. Hizi zisiingie kwenye foleni kabla hazijapashwa. Zitaharibika."

"Zitaharibika? Kwani ni maziwa?"

Ulimweleza, akasikiliza huku akikuna kidevu kwa mpini wa spana. Jioni ukanieleza na mimi, na ninakushukuru kwamba ulitafuta mfano kutoka jikoni. Ulisema ni kama chuma kipya cha vitumbua. Hukitoi dukani na kumwaga unga siku hiyo hiyo. Unakipaka mafuta, unakipasha, unakiacha kipoe, unarudia, mpaka kinapata ngozi yake. Ndipo vitumbua vinaachia. Pedi nazo zinapopashwa vizuri zinaacha tabaka jembamba juu ya diski, ile sahani ya chuma inayobanwa nazo, sawasawa kuizunguka yote, na baada ya hapo breki inashika pedi kwa pedi badala ya pedi kwa chuma kitupu. Unakwenda mwendo wa wastani, unakanyaga kwa nguvu hadi gari likaribie kusimama, kisha unaachia na kuondoka tena. Unarudia. Kisha unaendesha taratibu bila kukanyaga mpaka zipoe.

"Na siri kubwa ni moja," ulisema. "Zikiwa za moto, usisimame. Ukisimama na mguu juu ya breki, pedi inajichapa mahali pamoja kwenye diski kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati."

Aika, hapo hapo niliwaona wateja wangu mmoja mmoja. Wale wanaorudi na pedi mikononi, "Mama Aika, umeniuzia mbovu, usukani unatetemeka." Mimi nagombana nao, au nawabadilishia na kukilaumu kiwanda. Kumbe walitoka gereji moja kwa moja hadi foleni ya Msimbazi, wakakanyaga, wakasimama, wakashikilia. Miaka yote hiyo nauza kitu ambacho nusu yake sikuijua. Sikuona aibu. Niliona raha kwamba aliyenifundisha ni wewe.

Ndiyo maana Jumapili alfajiri niliomba kuja nawe. Ulikataa kidogo, nikang'ang'ania. Barabara ya Pugu ilikuwa tupu, na ulipopita uwanja wa ndege ukatazama kioo, ukahakikisha nyuma hakuna mtu, ukaanza. Mara ya kwanza ulipokanyaga nilishika mkanda kwa mikono miwili.

"Mama, mguu wako unakanyaga nini huko chini?"

"Nakusaidia."

"Nisaidie kwa kuomba."

Nikaomba kweli. Ukaondoka, ukakanyaga, ukaachia, ukaondoka tena. Kila mara gari lilikamata vizuri kidogo kuliko mara iliyotangulia, hata mimi nisiyejua nililihisi mgongoni. Kisha ikaja harufu, kama nywele zilizoungua juu ya rangi mbichi. Nilitaka kupiga kelele. Wewe ukatabasamu na kusema, "Ndiyo yenyewe. Zimeiva. Sasa tunaziacha zipoe, hatusimami popote mpaka Gongo la Mboto na kurudi."

Na hapo hapo, ng'ambo ya kituo cha Ukonga, nikamwona Bibi Mwanahamisi na ndoo yake ya vitumbua.

Sijui nikuelezeje ili unielewe. Yule mama alikuwa jirani yetu hapa Ilala kabla hajahamia kwa mwanawe. Siku ya msiba wa baba yako yeye ndiye aliyekuogesha na kukulaza. Kumpita mtu kama huyo barabarani, alfajiri, naye amekuona, kwangu ni kama kumpita mama yangu mzazi. Nikasema, "Simama, tumsalimie Bibi."

"Mama, siwezi kusimama sasa hivi. Nimekuambia."

"Dakika moja tu."

"Nitageuza, tutamkuta tukirudi."

Hapo ndipo nilipotumia ile sauti. Unaijua. Nikasema, "Kwa hiyo pedi zimekuwa kubwa kuliko Bibi Mwanahamisi?"

Ukasimama.

Ukashusha kioo, ukasema shikamoo kama nilivyokulea, naye akaitikia marahaba na kuegemea dirisha. Akauliza habari za nyumbani, za duka, za kazi mpya, za safari. Akauliza Tabora kuna asali kweli au ni maneno ya watu. Nami nikajibu yote na kuongeza. Kwa kuwa alikuwa ameegemea gari, hukuweza hata kuliachia litambae. Mguu wako ulikuwa juu ya breki muda wote huo. Niliuona. Niliona pia uso wako, unavyotabasamu kwa Bibi huku taya zimekaza, na bado nikaendelea kuzungumza habari za asali.

Tuliporudi, kila ulipokanyaga usukani ulitetemeka kama mtu mwenye homa. Tukafika Buguruni. Kisha ukasema, "Ni diski, Mama. Si wewe."

Afadhali ungenifokea.

Mengi niliyoyafanya baada ya hapo uliyaona, lakini sina hakika kama ulijua kilichokuwa ndani yake. Nilisema uahirishe safari. Nilisema gari si zima, mteremko ni mkali, piga simu kazini uwaeleze. Ukanikumbusha kwamba asiyeripoti Jumatatu hii inayokuja nafasi yake anapewa mwingine. Nikasema basi panda basi.

"Na gari nimwachie nani? Wewe?"

Ulisema kwa mzaha, nami nikaingia jikoni nikajifanya natafuta mwiko.

Jumatatu nilipita kwa Shomari kabla hujafika. Nikamwambia kazi ya diski asiifanye kwa haraka, aichukulie muda wake, hata wiki ikipita si neno. Alikuwa amelala chini ya gari la mtu. Akajivuta akatoka, akakaa, akanitazama.

"Mama Aika, diski nazisugua leo, saa nne zitakuwa tayari. Ila kama kuna kitu kingine unataka nikusugulie, sema."

Nikasema hakuna.

Alipozitoa, wewe ukiwa umechuchumaa pembeni na simu yako ikimulika, alinionyesha. Kwenye chuma kilichong'aa kulikuwa na doa la rangi ya bluu na nyeusi, lenye umbo kamili la pedi, kama kidole gumba kilichopigwa wino. Shomari akaliwekea kidole juu yake. "Hapa," akasema, "ndipo mlipokuwa mnasalimiana."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi nilicheka pia, lakini lile doa nililala nalo.

Sasa nirudie utani wa Awadhi. Kwa nini mimi, muuza breki, sijui kuendesha gari? Nimekuwa nikikuambia sikupata muda. Si kweli sana. Nilianza kujifunza, wewe ukiwa mdogo, kwa ile pikapu ya duka. Aliyenifundisha ni baba yako mkubwa, aliyekuja kutusaidia baada ya msiba. Alikuwa mtu mwema, na alikuwa mwoga kama mimi. Tulianzia mtaa wa Uhuru siku ya Jumapili. Sijaenda hatua kumi anasema, "Simama."

"Kuna nini?"

"Kuna mtu."

"Yuko ng'ambo, shemeji, anakula muwa."

"Anaweza kuvuka. Simama."

Nikawa nasimama. Mbwa, simama. Mkokoteni uliopaki, simama. Karatasi, simama. Jumapili ya tatu, pale karibu na soko, aliponiambia nisimame kwa sababu ya kivuli cha nguzo, nilisimama katikati ya barabara, nikafungua mlango, nikashuka, nikaenda dukani kwa miguu. Wachukuzi walinipigia makofi. Siku ile nilijiona nimemkomoa kweli. Kumbe gari nilimwachia yeye. Aliliendesha mpaka alipolichoka akaliuza, na mimi tangu hapo nabeba maboksi kwa bajaji na kuomba lifti kwa watu wenye magari niliyowauzia breki.

Sikukaa nikahuzunika juu ya hilo. Nimekuwa na maisha mazuri, na nimekuwa na wewe. Lakini Jumapili iliyopita, tukiwa tumesimama pale Ukonga na ile harufu ikipanda, sauti niliyoitumia ilikuwa ya shemeji yangu. Niliitambua nilipokuwa kitandani. Tofauti ni kwamba mimi nilishuka, na wewe hukushuka. Wewe ulisimama, ukatabasamu, ukaharibikiwa na kazi yako, kisha ukanifariji.

Hilo ndilo linalonikosesha raha, Aika. Mama wengine wanaogopa watoto wao hawatawasikiliza wakifika mbali. Mimi naogopa utanisikiliza. Nimekulea vizuri mno upande mmoja. Ulijua kwa hakika hutakiwi kusimama. Ulikuwa umenieleza mimi mwenyewe, kwa mfano wa vitumbua, jioni ya jana yake. Na bado mtu unayempenda alipokuambia simama, ulikanyaga.

Nakujua utanijibu nini. Utasema, "Mama, ni pedi tu." Sawa, zilikuwa pedi tu, na zimetengenezeka kwa msasa na asubuhi moja ya Shomari. Ndiyo maana nashukuru limetokea kwenye pedi.

Jumanne na Jumatano sikusema neno, nadhani uliona. Uliniuliza kama naumwa. Alhamisi ulipoamka kwenda kuzipasha upya, nilikuwa nimekwisha kuvaa. Ukaniangalia kwa jicho la pembeni. Nikasema, "Nipeleke tu kwa Bibi. Uniache pale."

Uliniteremsha Ukonga breki zikiwa bado baridi, ukamsalimia Bibi vizuri, ukaenda zako. Nikakaa kwenye benchi lake, jiko likiwaka, foleni ya wanaonunua ikiwa bado fupi. Haya yafuatayo hukuyaona, kwa hiyo yasome taratibu.

Ulipopita mara ya kwanza Bibi akanyanyua kichwa. Ulipopita mara ya pili akauliza, "Mwanao kapoteza kitu njiani?"

"Anapasha breki, Bibi."

"Si alizipasha Jumapili?"

"Jumapili tulisimama kukusalimia. Zikaharibika."

Akageuza kitumbua kimoja, kisha cha pili. "Zikaharibika kwa kunisalimia mimi?"

"Ndiyo."

"Ah, jamani." Akanigeukia na uma wake mkononi. "Mama Aika, mimi siku ile nilikuwa na ndoo nzima ya watu wa zamu ya asubuhi, vinapoa. Nilisema moyoni, hawa nao, si wangenipungia tu wakapita? Lakini nikaona mmesimama, nitafanyaje? Nikaona nisiwe mtu wa kuwaacha watu waliosimama kwa ajili yangu. Ndiyo nikaanza na habari za asali."

Aika, tulitazamana, mimi na yule mama, kisha tukacheka mpaka wateja wakageuka. Hakuna mtu hata mmoja kati yetu watatu aliyetaka kusimama pale. Wewe ulisimama kwa ajili yangu, mimi kwa ajili yake, yeye kwa ajili yetu.

Tulikuwa bado tunacheka ulipotokea tena kutoka upande wa Gongo la Mboto. Nilijua ni ile safari ya kupoza, kwa sababu ulikuwa unakuja taratibu na upepo uliniletea ile harufu. Uso wako ulikuwa mbele. Nikaona umeniona. Nikanyanyua mkono, na nakuambia ukweli, sijui kama nilikuwa nakupungia au nakusimamisha. Mkono ulipanda wenyewe.

Hukusimama. Uliwasha taa kubwa mara moja, ukazima, ukanipita.

Bibi akanipa kitumbua, nikakila chote bila kukipuliza. Ulimi unaniuma mpaka leo. Aliniuliza nalia nini, nikasema ni moshi, akasogeza jiko upande mwingine, ingawa upepo haukuwa unaleta moshi kwetu.

Uliporudi kunichukua, zikiwa zimepoa, ulifanya jambo moja ambalo sitalisahau. Barabara ilikuwa tupu. Ukachukua mkono wangu, ukauweka juu ya usukani, ukakanyaga. Usukani ukatulia tuli, kama meza. Nami jioni ile kwenye shajara niliandika maneno mawili tu chini ya siku: "Amenipita. Salama."

Kwa hiyo sina ushauri mrefu. Huko Tabora utakutana na watu wazuri watakaokuambia simama. Si wabaya, wabaya utawajua mwenyewe, hao hawanipi wasiwasi. Nasema wazuri: bosi anayekupenda kama binti yake, mama mwenye nyumba, kijana wa watu siku moja akija, na mimi kwenye simu kila Jumapili baada ya ibada. Sikuambii uwe na kiburi. Unajua sijawahi kukipenda. Salimia, punga mkono, sema utarudi, na urudi kweli. Lakini ukiwa katikati ya kazi ambayo wewe ndiye unayeijua, maliza kwanza. Anayekupenda atakungoja na ndoo yake. Na ukikuta hakungoja, basi alikuwa na vitumbua vyake vya kuuza, hakukasirika.

Na mimi nikikosea tena, maana nitakosea, usinifariji haraka hivyo. Uniambie, "Mama, hapo ndipo tulipokuwa tunasalimiana." Nitaelewa.

Kuna habari moja ambayo hujaisikia. Nimemwomba Shomari anifundishe kuendesha. Aliuliza nataka gari gani, nikasema lolote lenye breki. Akasema, "Ukae tu nyuma ya usukani, Mama Aika. Mimi nitanyamaza." Awadhi amekwisha kusikia, na anasema siku nitakayopita mbele ya duka lake atafunga milango na kupandisha bidhaa juu. Mwache. Tutaanza Jumapili ijayo, na pedi nitachagua mwenyewe.

Sasa lile jambo la kesho.

Tutaagana hapa mlangoni. Tutasali kama kawaida yetu, nitakufungia kuku na ndizi kwenye kanga ya zamani, na utanikumbatia na mkoba begani kama unavyofanya siku zote mpaka unanigonga. Kisha nitakuambia ninaingia ndani. Usiniamini. Najijua. Ukiwa unageuza gari, nitapita kichochoro cha nyuma na kutokea kwenye kona, pale duka la Mangi, na utanikuta nimesimama na kanga mabegani. Na mkono wangu utapanda, kama ulivyopanda Alhamisi.

Breki zako zitakuwa baridi. Hakuna diski itakayochapwa, hakuna usukani utakaotetemeka, hakuna sababu yoyote ya kifundi ya kukuzuia kusimama, na ndiyo maana naandika. Ukisimama nitapata la kusema, sijawahi kukosa. Nitakuuliza chaja. Nitakuuliza kama umefunga buti. Nitakumbuka habari moja ya baba yako ambayo sijawahi kukusimulia, na itakuwa ndefu, na jua litatukuta pale pale, nawe utaingia barabara ya Morogoro na malori yote ya nchi hii.

Usisimame, mwanangu. Washa taa mara moja, kama ulivyofanya. Mimi nitajua ni shikamoo, na nitaitikia marahaba pale pale nilipo, nikiwa nakutazama unavyokwenda.

Mama yako